Kikombe Tulichokiosha kwa Maji ya Moto

Mwezi wa Juni hapa Sumbawanga si mwezi wa kukaa barazani jioni. Upepo wa uwanda wa Ufipa hupenya hata sweta mbili, na kila nyumba huwasha jiko la mkaa. Sisi tulio wauguzi hatuchoki kuwakumbusha wenzetu waache dirisha wazi, maana hewa ya mkaa haionekani wala hainuki, na huua watu usingizini. Basi katika baridi hiyo ya mwaka 2025, dirisha likiwa wazi na mabega yetu yamefunikwa kwa vitenge, akina mama wanne wa jumuiya moja tulianza kukutana kila Jumamosi baada ya kufua vitambaa vya altare. Safari hii hatukukutana kuhesabu michango wala kupanga zamu za usafi. Tulikutana kusoma kitabu cha hadithi.

Jambo lilianza hivi. Mwishoni mwa Mei tulisikia redioni kwamba mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o wa Kenya amefariki dunia huko Marekani, akiwa na umri wa miaka 87. Siku chache baadaye mabinti zetu wawili wa kidato cha tatu walifunga shule. Waliposikia tukilitaja jina hilo wakasema, "Mama, huyo ndiye tunayemsoma darasani." Wakatoa kitabu kilichochakaa, jalada limeshikizwa kwa gundi ya karatasi. Jina lake *Weep Not, Child*, yaani kumbembeleza mtoto asilie.

Tukawauliza kinahusu nini. Wakajibu haraka haraka kama watoto wa katekisimu: dhamira ya kwanza ni ubaguzi wa rangi, ya pili ni ardhi, ya tatu ni elimu. Tukawauliza tena, "Na huyo mtoto anaogopa nini?" Wakatazamana. Walikuwa wamekariri maneno yaliyoandikwa ubaoni, lakini mtoto mwenyewe hawakumjua. Mmoja wetu, ambaye ni mwalimu mstaafu, akasema, "Basi tutasoma wote. Ninyi someni Kiingereza, sisi tutasema kwa Kiswahili tulichoelewa. Tukikosea mtatusahihisha." Mabinti walicheka, lakini Jumamosi ya kwanza walikuja mapema kuliko sisi.

Hadithi yenyewe kwa ufupi

Mpenzi msomaji, kama hujapata kukisoma, tukueleze kidogo. Ngũgĩ alikiandika alipokuwa mwanafunzi wa Makerere, nchini Uganda, na kilichapwa mwaka 1964. Huhesabiwa kuwa riwaya ya kwanza ya Kiingereza kutolewa na mwandishi wa Afrika Mashariki. Mtoto anayesimuliwa ni Njoroge. Baba yake, Mzee Ngotho, ni kibarua katika shamba la Mzungu aitwaye Howlands, na shamba hilo hilo ndilo lililokuwa ardhi ya ukoo wao. Fikiria jambo hilo: kupalilia kwa ujira mdogo mahali walipolima babu zako. Ngotho ana wake wawili, Njeri na Nyokabi, nao wanaishi kwa upendo ambao ulitushangaza hata sisi.

Nyokabi ndiye mama wa Njoroge. Siku moja anamwuliza mwanawe kama angependa kwenda shule. Mtoto hakutegemea swali kama hilo maishani mwake. Mama anamweleza wazi kwamba wao ni maskini, na kwamba asitegemee chakula cha mchana. Tuliposoma hapo, mama mmoja anayeuza nguo sokoni alifuta machozi. Alikumbuka namna mama yake alivyouza debe la ulezi ili amnunulie sare ya shule.

Halafu mambo yanaharibika. Oktoba 1952 serikali ya kikoloni inatangaza hali ya hatari nchini Kenya. Kaka zake Njoroge wanaingizwa katika vita, baba anateswa hadi anafariki, na mtoto aliyeamini kwamba elimu itaokoa nyumba yao anajikuta hana shule, hana baba, hana tumaini. Ndivyo kinavyokwenda kitabu hicho. Ni kifupi, lakini kizito.

Mabinti walidhani hayo yalikuwa ya Kenya na Afrika Kusini tu. Tukawaambia hapana, hata kwetu Tanganyika watoto wa Kizungu, wa Kihindi na wa Kiafrika walisoma shule mbalimbali kwa rangi zao, mpaka serikali ya uhuru ilipoziunganisha mwaka 1962. Hata magonjwa yalitengwa. Katika mji wa Dar es Salaam, hospitali ya Ocean Road, iliyojengwa na Wajerumani kando ya bahari, ilikuwa ya Wazungu. Waafrika na Waasia walitibiwa Sewa Haji. Damu ni nyekundu kwa wote, lakini vitanda viligawanywa kwa ngozi. Kumbuka jina hilo la Ocean Road, maana tutalirudia.

Pipi dukani

Jumamosi ya pili tulifika mahali padogo sana, pengine nusu ukurasa, ambapo mwalimu wa darasani hakupaandika ubaoni. Njoroge amefuatana na mama yake kwenye duka la Mhindi. Mtoto wa mwenye duka anamtazama, kisha ananyoosha mkono kumpa pipi. Njoroge ananyoosha wake kuipokea. Hapo Nyokabi anageuka na kumkemea kwa ulafi, kana kwamba hakupewa chakula nyumbani. Njoroge anaiacha pipi ianguke.

Basi. Hakuna aliyepigwa, hakuna aliyetukanwa kwa rangi yake. Mwalimu wetu mstaafu akauliza, "Je, Nyokabi ni mbaguzi?" Wote tukasema hapana. Nyokabi ni mama kama sisi. Aliona aibu mwanawe asije akadhaniwa hana chakula kwao. Nani kati yetu hajamfinya mtoto chini ya meza ya ugenini? Lakini binti mmoja akasema polepole, "Sawa, mama hakuwa na nia mbaya. Ila yule mtoto wa Kihindi alijifunza kwamba zawadi yake haipokelewi, na Njoroge akajifunza kwamba kuna mikono isiyoshikwa. Wote wawili walijifunza siku ile ile, na mama hakujua kama alikuwa anafundisha."

Tulinyamaza. Halafu binti huyo huyo akainua macho akasema, "Mama, unakikumbuka kikombe?"

Kikombe

Kabla hatujalieleza la kikombe, tuseme kwanza jinsi sisi wenyewe tulivyoonja kubaguliwa. Anayetoka Sumbawanga anajua. Ukifika mji mwingine ukataja kwenu, watu hucheka, wengine husogea. Utaulizwa kama unajua kurusha radi. Katika chuo cha uuguzi tulichosoma, mbali na hapa, kuna msichana aliyehamisha godoro lake usiku wa kwanza kwa sababu alipangiwa kitanda karibu na "watu wa uchawi". Tulilia usiku ule. Tulikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, hatujui hata kutibu kikohozi, tutajua radi? Wazee wa hapa hutueleza kwamba jina lenyewe la Sumbawanga kwa Kifipa maana yake ni "tupa uchawi". Mji ulioamrisha watu wautupe uchawi ndio unaosingiziwa kuubeba.

Ungedhani mtu aliyeumizwa hivyo hatamwumiza mwenzake. Sivyo. Kidonda hakimfundishi mtu huruma kama hakikusafishwa.

Mwaka 2016, katika sikukuu ya mavuno, watoto wa Shule ya Jumapili walikunywa uji wa ulezi nyuma ya kanisa. Vikombe vilikuwa vichache, hivyo walipokezana. Miongoni mwao alikuwako msichana mmoja mwenye ualbino, mwenye umri sawa na binti yetu, kama miaka sita. Alikunywa, akafuta ukingo wa kikombe kwa kiganja kama watoto wafanyavyo, akampa binti yetu. Mkono wa mtu mzima ukakichukua kikombe kabla hakijapokelewa, ukakisuuza kwa maji ya moto ya birika, ukakirudisha. Kikombe hicho kilikuwa kimekwisha kupita kwa watoto watano, na hakikuoshwa hata mara moja.

Mkono ule ndio unaoandika haya.

Tulikuwa tumelisahau jambo hilo kabisa. Kama ungetuuliza, tungejibu ni usafi tu, na wewe ungeamini kwa kuwa sisi ni wauguzi. Lakini mtoto alikuwa amelihifadhi miaka tisa. Alisema hakuelewa siku ile, ila tangu hapo hakukaa tena karibu na yule mwenzake. "Nilidhani unajua kitu ambacho hukutuambia," alisema.

Mama mwenzetu mmoja alijaribu kutufariji, akasema hata katika nyumba ya Musa, Miriamu na Haruni walinung'unika kwa ajili ya mke Mkushi. Ni kweli. Lakini Mungu hakulichukulia kuwa dogo kwa sababu lilikuwa nung'uniko la nyumbani. Jioni ile tulirudi makwetu bila kumaliza sura.

Tulijua, lakini hatukusema

Linalotuuma zaidi ni kwamba tulikuwa na elimu. Ualbino hauambukizi, si kwa kikombe, si kwa kushikana, si kwa kulala kitanda kimoja. Ni hali ya kuzaliwa nayo, ambapo mwili hautengenezi ipasavyo ile rangi inayolinda ngozi, nywele na macho. Baba na mama wanaweza wote kuwa weusi kama sisi, kila mmoja akabeba vinasaba vya ualbino bila kujua. Wakikutana wawili wa namna hiyo, katika kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mwenye ualbino.

Tunakuomba, mama msomaji, uyashike maneno hayo na umweleze mume wako. Sisi tunaopokea watoto wodini tumeona baba akigeuka mlangoni bila kumgusa mwanawe, akisema, "Katika ukoo wetu hakuna kitu kama hiki." Tumeona mama akisingiziwa uzinzi akiwa bado anatokwa damu ya uzazi. Hayo ni maonevu. Mtoto yule amechukua kwa wote wawili, sawa kwa sawa.

Na ujinga unaoanzia kwenye kikombe hauishii kwenye kikombe. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu wenye ualbino 16,477 katika Tanzania. Nyuma ya hesabu hiyo kuna hofu. Mwezi Februari 2013, hapa hapa mkoani Rukwa, mwanamke mmoja na mvulana mmoja wa shule ya msingi walivamiwa na kukatwa mikono na watu walioamini kwamba viungo vyao vinaleta utajiri. Hatukuwa mbali. Tulisikitika, tulisali, tulisema waliofanya hivyo ni wanyama. Januari 2015 serikali ikapiga marufuku waganga wapiga ramli, nasi tukashangilia. Mwaka mmoja baadaye tukaosha kile kikombe.

Hatusemi kwamba anayeosha kikombe ni sawa na anayebeba panga. Tunasema tu kwamba mwenye panga naye alikuwa mtoto, akawatazama watu wazima, akaona nani anashikwa mkono na nani hashikwi. Kabla mtu hajafikiri kwamba mwenzake ni kitu cha kuuza, ni lazima kwanza awe amefundishwa kwamba si mtu kamili. Somo hilo halifundishwi na mganga peke yake.

Tulikwenda kuomba radhi

Yule msichana hakuonekana tena katika Shule ya Jumapili baada ya sikukuu ile. Tulidhani wamehama. Kumbe walikuwa mji huu huu, wakisali kigango kingine. Jumamosi ya tatu tulikiweka kitabu kando, tukafunga kilo mbili za sukari katika kanga, tukaenda.

Tulipiga hodi. Mama alitukaribisha bila kuuliza maswali. Binti yake akaja, amekuwa mrefu, kofia pana kichwani ingawa tulikuwa ndani, maana alikuwa akitokea uani. "Shikamooni," akasema. Tukaitika. Hatukujua pa kuanzia, basi tukasema tu, "Mama, tumekuja kwa ajili ya kikombe."

Alikaa kimya kwa muda. Kisha akasema, "Nilikiona. Nilikuwa nimesimama pale na sufuria ya uji. Angekuwa mama mwingine ningevumilia, maana nimezoea. Lakini nesi? Nikasema moyoni, nesi anajua. Kama nesi anaosha, wote wataosha. Na Jumapili iliyofuata waliosha wengine watatu."

Tulikuwa tumejiandaa kwa maneno yetu ya toba, yakatukauka kinywani. Hatukujua kama kuna wengine watatu.

Tukaomba radhi, kwake na kwa binti. Mama hakusema kwamba amesamehe, wala hakusema kwamba hakusamehe. Alisema, "Kama mnataka kunisaidia, msinilipe kwa maneno. Huyu yuko kidato cha pili. Haoni ubaoni. Amekalishwa nyuma kwa sababu ni mrefu, na mimi nikienda shuleni hawanisikilizi. Ninyi watawasikiliza." Kisha akamwita binti atengeneze chai. Binti akaleta vikombe vinne kwenye sinia, akamimina maji ya moto ya birika, akavisuuza kimoja kimoja mbele yetu kama mgeni yeyote anavyofanyiwa, akatukaribisha. Tulikunywa. Hakuna aliyeweza kumtazama mwenzake.

Jumatatu iliyofuata shule zilipofunguliwa, wawili wetu tulikwenda shuleni. Hatukwenda kugombana. Tulieleza kitaalamu kwamba watu wenye ualbino huwa na uoni hafifu, kwamba macho yao huchezacheza na huumizwa na mwanga mkali, na kwamba mwanafunzi huyo anahitaji kiti cha mbele mbali na dirisha la jua, muda zaidi wa kunakili, na maandishi makubwa. Ilichukua nusu saa. Miaka tisa tulikuwa na maneno hayo kichwani, na yalihitaji nusu saa tu.

Jua la Ufipa hudanganya

Tulizungumza pia na mama yake juu ya ngozi. Watu wa hapa hudhani kwamba kwa kuwa kuna baridi, jua halichomi. Jua la Ufipa hudanganya. Sisi tuko juu sana, na kadiri mtu anavyopanda juu ndivyo mionzi inayounguza ngozi inavyozidi kuwa mikali, hata kama upepo unakufanya utetemeke. Mtoto mwenye ualbino anahitaji kofia yenye ukingo mpana, mikono mirefu, sketi au suruali ndefu, na mafuta ya kukinga jua. Mafuta ya namna hiyo kwa ajili yao yametengenezwa Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilicho KCMC, kwa hiyo uliza hospitalini kwako jinsi ya kuyapata. Mafuta ya kawaida ya kupaka hayazuii jua. Kidonda chochote kisichopona katika majuma matatu au manne, hasa usoni, masikioni, shingoni au kwenye mikono, kipelekwe kuonwa na daktari bila kungoja. Saratani ya ngozi ikiwahiwa inatibika. Ikichelewa, inaua, nayo imeua wengi wakiwa bado vijana.

Tulisema tutalirudia jina la Ocean Road. Hospitali ile iliyojengwa kwa ajili ya ngozi nyeupe za watawala, ambamo Mwafrika hakulazwa, leo ni Taasisi ya Saratani ya taifa letu. Wanaofika pale kutibiwa saratani ya ngozi ni pamoja na ndugu zetu wenye ualbino kutoka mikoani. Milango inaweza kubadilika. Kama ya hospitali imebadilika, kwa nini ya mioyo isibadilike?

Walijificha vichakani

Kitabu tulikimalizia Agosti, na kundi letu lilikuwa limeongezeka watu wawili. Binti yule na mama yake walikuja Jumamosi moja, kisha nyingine. Maandishi ya kitabu ni madogo mno kwake, kwa hiyo binti yetu alimsomea kwa sauti, kichwa kwa kichwa, mmoja akisoma na mwingine akisikiliza amefumba macho.

Kuna mahali Njoroge, sasa akiwa kijana wa sekondari, anakutana uwanjani, siku ya mchezo wa mpira, na Stephen, mtoto wa yule Mzungu Howlands. Wanaanza kuzungumza, wakagundua kwamba zamani, walipokuwa wadogo, Stephen alikuwa akijificha karibu na barabara akitamani kuzungumza na watoto Waafrika, na Njoroge alikuwa akikimbia akimwona kwa kuogopa. Kila mmoja alimtaka mwenzake, na kila mmoja alimwogopa. Walipokuja kusema, wakati ulikuwa umepita.

Mwalimu mstaafu aliuliza mabinti wanaonaje. Yule mwenye ualbino, ambaye husema kidogo, akajibu, "Mimi nilikuwa nawachungulia wenzangu mlangoni wakicheza rede. Mama alinizuia kwa sababu ya jua, na baadaye kwa sababu ya watu. Nilijua majina yao wote. Wao hawakulijua langu." Binti yetu akasema, "Mimi nililijua." Mwenzake akamjibu, "Hukuwahi kuliita." Hakusema kwa hasira. Kisha akamwambia aendelee kusoma.

Hatutaki kukudanganya, mpenzi msomaji, kwamba mambo yamekwisha. Mama yake bado anasali kigango kile kingine, na hatumlaumu. Wale watatu walioosha baada yetu tumewatafuta. Mmoja alikiri na kwenda mwenyewe, mmoja alisema hakumbuki, na mmoja ni marehemu. Kitu kilichoanzishwa kwa dakika moja hakikusanyiki tena chote.

Someni pamoja na watoto

Tumejifunza kwamba vitabu wanavyosoma watoto wetu shuleni si vya mtihani tu. Huenda hujui Kiingereza. Haidhuru. Mwambie mwanao akusimulie sura moja wakati unachambua maharage. Usimwulize dhamira. Mwulize, "Mtoto huyu aliogopa nini? Mama yake alifanya nini? Sisi tungefanyaje?" Halafu unyamaze umsikilize, maana atakaposema kweli, huenda ukweli huo ukakuhusu wewe. Ukikuhusu, usimkemee. Tungemkemea binti yetu siku ile kwa utovu wa adabu, tungekufa na kikombe chetu.

Tumalizie kwa Nyokabi. Mwishoni mwa kitabu, Njoroge, amevunjika moyo kabisa, anaondoka gizani peke yake akiwa amekusudia kuutoa uhai wake. Anayemtafuta ni mama yake. Anakuja na kijinga cha moto mkononi, anamwita kwa jina, na kumrudisha nyumbani. Ni Nyokabi yule yule aliyesababisha pipi ianguke. Mwandishi hakumfanya mwovu dukani wala mtakatifu gizani. Alimwacha awe mama.

Hilo ndilo linalotupa tumaini. Mikono hii iliyofundisha vibaya bado ina kazi ya kufanya. Jumapili hii, watoto watakapokunywa uji nyuma ya kanisa lako, simama karibu na birika, utazame vikombe vinavyopita, na uwaite watoto wote kwa majina yao.